Mama Vikombe Aiaga Kliniki ya Ini

Ijumaa hii, tarehe thelathini, afisa lishe wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Jina lake limeandikwa mlangoni, lakini hakuna anayelitumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, sote humwita Mama Vikombe.

Alianza jikoni, akipakua chakula cha wodi. Aliona sahani za wagonjwa wa ini zikirudi kama zilivyokwenda, akaanza kuuliza kwa nini. Maswali hayo yalimpeleka chuoni, kisha yakamrudisha kwetu na cheti.

Jina la utani alilipata kliniki. Kila aliyeharibiwa ini na pombe, akiulizwa anakunywa kiasi gani, alijibu: kidogo tu, kikombe kimoja. Akaleta vikombe vya kila ukubwa kutoka kwake, akavipanga mezani, kila mtu aonyeshe chake. Fundi bomba mmoja alivitazama vyote, akauliza kama hana ndoo. Tulicheka, naye akacheka, na tangu siku hiyo akawa anasema kweli.

Hakuuliza pombe peke yake. Alitaka kujua nani anapika nyumbani, na mtu ametia nini tumboni tangu asubuhi, maana kwa wengi chupa ilikuwa imekalia nafasi ya sahani.

Ninalolikumbuka zaidi ni la mchomelea vyuma mmoja, ambaye ameniruhusu nilisimulie. Alikuwa na miezi saba bila pombe, akarudi tumbo limejaa maji, miguu imevimba. Daktari akaandika kwenye faili: amerudia kunywa. Daktari huyo ni mimi. Mgonjwa aliapa hajaonja hata tone. Mkewe alisema machozi yamemwisha, anafunga mizigo arudi kwao.

Mama Vikombe alivuta kiti karibu na mgonjwa. "Baba, ya pombe tuyaache kwanza," alimwambia. "Nihesabie unachokula tangu unapoamka."

Ikajulikana: supu ya pakiti mara tatu kwa siku, na karanga za chumvi mfukoni, anatupia mdomoni kila hamu ya bia inapomjia. Chumvi huzuia maji mwilini mwa mgonjwa wa ini; kumbe kilichomsaidia asinywe ndicho kilichokuwa kikimjaza maji. Vipimo vya damu vikathibitisha kwamba hakunywa. Mama Vikombe alinipa kalamu nikate mstari ule kwa mkono wangu, na hakulitaja tena jambo hilo kwa mtu yeyote.

Mke alipoelezwa, aliketi kwenye benchi la korido, akashusha pumzi ndefu. "Basi hakunidanganya," alisema, akaomba aandikiwe vyakula vya kupika bila chumvi. Baada ya wiki chache tumbo lilinywea. Huu ni mwaka wa tisa, mzee hajagusa chupa, na bado wanaishi pamoja.

Mama, asante kwa kutusahihisha bila kutuaibisha. Nenda ukapumzike, wajukuu wakupakulie, ule bila kumhoji mtu. Tunakuombea afya njema na miaka mingi ya raha.