Kondoo wa Nyongeza

Supa wote. Wenye hamjui Kimaasai, hiyo ni salamu tu, msianze kunishuku mapema. Mwenyekiti ameniomba nisimame niongee na hawa wanachama wapya, wenye kikundi kitawasaidia kununua pikipiki za mtumba. Sitataja jina la mtu. Kitengela ni ndogo, Kajiado ni ndogo zaidi, na sijui nani ni shemeji ya nani hapa ndani.

Mnanijua pale steji kama mtu wa kushuku. Nikipewa noti naiinua kwa jua. Mteja akisema atanilipa tukifika, namuuliza tukifika wapi. Mnanicheka, na mimi nacheka pia. Lakini ndugu zangu, nilikuwa hivyo hata kabla ya shida kunipata, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu niliingizwa boksi, nikadanganywa nikiwa macho.

Nilikuwa nachonga mawe kwari, mgongo ukakataa. Nikaona boda ndiyo itatulisha. Mke wangu alikuwa na mitamba wawili, wale alipewa na baba yake akiolewa. Walikuwa wake kabisa, si wangu. Nilipomuomba tuwauze, siku nne aliwapeleka malishoni yeye mwenyewe. Siku ya tano akaniambia, "Wauze. Lakini ujue hao ndio kitu pekee niko nacho chenye hakuna mtu anaweza kuniambia ni chake." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Tukawapeleka soko ya Kajiado, akawashika shingo mpaka mnunuzi akawachukua.

Kulikuwa na mtu ng'ambo kidogo ya mji wa Kajiado, anauza pikipiki. Nilimwambia nitafika saa sita, nikafika saa tatu, makusudi. Sikilizeni hapo, nyinyi wapya. Mwenye kuuza kitu kibovu anakiwasha kabla ufike, injini ikiwa na moto inaficha mambo mengi. Nikaishika kwa mkono, ilikuwa baridi. Nikapiga kiki mwenyewe, ikashika mara ya pili. Nikaangalia moshi, haukuwa wa bluu. Nikachomoa kijiti cha oili, nikanusa. Nikainua gurudumu la mbele nikalitikisa, nisikie kama beringi zimelegea. Nikaangalia cheni, nikaangalia kama fremu iliwahi kuchomelewa, nikaiendesha mpaka kule kwa mawe na kurudi, nikiachilia mikono kidogo nione kama inavuta upande. Yule mtu amesimama tu, anatabasamu. Nikajiambia, huyu anatabasamu nini?

Kulikuwa kumebaki kitu kimoja. Namba ya fremu, ile imepigwa hapa kwa shingo ya usukani. Ilikuwa imefunikwa na grisi na vumbi. Nilikuwa nimeshika kitambaa, nikamwambia alete logibuku, ile hati ya umiliki, tulinganishe. Akaingia nyumbani. Akatoka na kopi ya logibuku kwa mkono mmoja, na mkono ule mwingine anavuta kondoo jike, mnono.

Akaniambia, "Chukua huyu nyongeza. Watoto wasikuone umerudi na chuma peke yake. Logibuku yenyewe nitakuletea wiki ijayo, paker."

Wenye si wa kwetu, ngoja niwaeleze. Mtu akikupa kondoo, hamwitani tena majina. Anakuita paker, unamwita paker, mpaka uzee. Ni heshima kubwa. Hata nimelelewa nikijua hivyo: zawadi hukagui, na mwenye kukupa humkagui. Sasa niambieni, nimeshaitwa paker, nitainama tena nipanguze shingo ya pikipiki mbele yake, kama askari? Niliona aibu. Nikakitia kitambaa mfukoni. Nikamlipa, na hata karatasi ya mauziano hatukuandika, kwa sababu paker na paker wanaandikiana nini?

Nilirudi nyumbani na kondoo nimemfunga nyuma ya pikipiki. Mke wangu hakuangalia pikipiki. Alimshusha kondoo, akamshika masikio, akayageuza kwa mwanga. Akasema, "Baba watoto, hii alama ya sikio imekatwa juu ya alama nyingine. Hii ya chini imepona zamani, hii ya juu ni ya juzi."

Mnajua kila boma liko na alama yake ya kukata sikio. Kukata mara ya pili kuna maana moja tu. Na mimi, mtoto wa mfugaji, nikamkasirikia. Nikamwambia asitukane paker wangu. Akamwachilia kondoo, akaenda kupika.

Logibuku haikuja wiki ijayo. Simu ikawa haishiki, na nilipoenda kwake nikakuta amehama. Miezi mitatu nikafanya kazi hivyo hivyo, moyo unajua, mdomo unakataa kusema. Halafu asubuhi moja kwa barabara ya Namanga, polisi wakasimamisha boda zote. Afisa mmoja akatoa kitambaa mfukoni, akapanguza shingo ya pikipiki yangu. Kitambaa kama kile changu. Chini ya grisi namba ilikuwa imesuguliwa, nyingine imepigwa juu yake. Nilijua kabla hajasema kitu. Nilikuwa nimeshaona hiyo kazi, kwa sikio la kondoo.

Wakaniweka ndani. Kesho yake wakaleta mama mmoja kutoka Nkoroi, pikipiki ya marehemu bwana yake ilikuwa imeibwa. Aliitambua kwa kibati alichochomelea bwana yake chini ya kiti. Akaniangalia, na nawaambia ukweli, sijawahi kuangaliwa hivyo. Nikasema nilinunua. Wakauliza kwa nani. Nikataja jina lenye lilikuwa kwa kopi, na hakukuwa na mtu wa jina hilo. Karatasi ya mauziano sikuwa nayo. Shahidi sikuwa naye. Hata mimi kama ningekuwa yule afisa, ningejishuku.

Mke wangu alikuja mchana, kwa mguu, na kondoo anamfuata kwa kamba. Polisi wakacheka, wakafikiri ameleta hongo ya kunitoa. Akawaambia, "Huyu ndiye shahidi wake. Hii alama ya chini ni ya boma moja huko upande wa Kajiado, nimeshauliza mama zangu. Pigieni mwenye boma, mumuulize kondoo wake alipotea na nani."

Mwenye boma alikuja. Alimjua kondoo wake, na aliyemwiba walimjua, walikuwa wanamtafuta. Siku tatu baadaye paker wangu akashikwa, na pikipiki nyingine mbili kwake. Nikatolewa niwe shahidi. Yule mama wa Nkoroi angeweza kunisumbua, akasema yeye anataka kitu cha bwana yake tu, na mtu ambaye bibi yake anatembea jua lote na kondoo hawezi kuwa mwizi. Alichukua pikipiki yake. Mwenye boma akachukua kondoo. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, mimi na yeye. Njiani aliniambia neno moja tu. "Ulikagua chuma asubuhi yote, na kondoo hukumwangalia hata sikio."

Nililia, sitaficha.

Nawashukuru nyinyi wa hiki kikundi. Mlinipa pikipiki ya zamu, jioni kwa jioni, mpaka nikanunua yangu, na hakuna aliyeniuliza kama nimeiba. Namshukuru mama wa Nkoroi, popote alipo. Yule mama ameketi pale nyuma kwa kitenge cha kijani simshukuru hapa, nitamshukuru nyumbani, asije akasimama akarekebisha hadithi. Nilianza kumlipa na ndama mmoja, na wa pili yuko njiani.

Basi, nyinyi wapya. Injini mtafundishwa na fundi. Mimi nawaambia mpanguze shingo. Namba ya fremu, namba ya injini, logibuku yenyewe na kitambulisho cha mwenye kuuza, vyote viseme kitu kimoja, na umiliki uhamishwe kwa simu yake ukiangalia, kabla pesa itoke kwako. Akikuletea soda, akikuita ndugu, akikuombea, pokea, halafu panguza.

Na kwa vile nimesikia mmoja wenu anatafuta, pikipiki yangu inauzwa. Iko hapo nje, sijaiwasha tangu asubuhi. Kitambaa nimekiweka juu ya kiti. Msiniite ndugu kwanza, nendeni mkaangalie.