Kemisti Asiyeuza Panadol

Mwenyekiti amenipa dakika chache, na kwa vile ananijua, ameketi karibu na maiki. Ndugu zangu, nitajitahidi. Tumekuja kumpongeza dada yetu ambaye chuo kikuu kimemfanya profesa wa kemia. Amenikataza kumtaja jina. Sawa, simtaji. Ni yule pale mbele mwenye kitenge cha kijani, anayejifanya anasoma karatasi ya ratiba.

Mimi na yeye tumelelewa mtaa wa Mbotela, tukichota maji kwenye mfereji mmoja na kugombania foleni moja. Alipofaulu akaingia chuo kikuu, mama yake aliwatangazia majirani wa ploti nzima kwamba binti amekuwa kemisti. Na nyinyi mnajua kemisti ni nini huku kwetu. Ni lile duka la kona unaponunua Panadol na plasta. Basi tukashangilia, tukajua dawa zimefika nyumbani. Akija likizo watu wanamfuata: Daktari, mgongo wangu, Daktari, huyu mtoto anakohoa. Mimi nilimwonyesha goti langu katikati ya harusi ya watu. Yeye alikuwa akicheka tu na kusema, "Dada, mimi siuzi dawa. Mimi nasoma maji." Nikajiuliza, maji yana maandishi gani ya kusomwa?

Mimi na baba watoto tukahamia huku Njiru, tukajenga. Maji yetu yalitoka kwenye kisima kirefu cha kuchimbwa na mashine. Maji safi, unaona mpaka chini ya ndoo. Tuliyashukuru hapa hapa kanisani. Kifungua mimba wangu aliyanywa tangu akiwa mdogo. Alipong'oka meno ya utoto, mengine yakaota na michirizi kama chaki, kisha yakawa ya kahawia. Nilisugua kwa chumvi, nikasugua kwa mkaa, nikasugua kwa ndimu mpaka mtoto akawa analia akiona mswaki.

Shuleni wakamwita Kutu. Akaanza kuongea akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Nyinyi mnaijua sauti ya msichana yule, mlikuwa mkimsikia kwenye kwaya. Akaanza kujificha safu ya nyuma, mwishowe akaacha kabisa. Nilipomuuliza, akaniambia, "Mathe, mi siendi huko tena. Hawaskizi wimbo, wanacheki tu meno." Iliniuma, ndugu zangu, iliniuma sana. Na wakati huo nilikuwa na kitinda mimba mgongoni, msichana vilevile, naye anachemshiwa uji kwa maji yale yale.

Daktari wetu huyu wa kemia alikuja kumwona kitinda mimba. Kifungua mimba akamletea chai, mkono mmoja umebeba kikombe, mwingine uko mdomoni. Daktari akamwomba taratibu amwonyeshe meno. Mimi nikafurahi moyoni, leo dawa itatoka kwa mkoba. Wapi! Akageuka akaniuliza, "Mnakunywa maji gani?" Akachota kwenye chupa akaenda nayo.

Aliporudi alitueleza kwamba maji yetu yana floraidi nyingi, madini yanayotoka kwenye miamba huko chini. Huyaoni, hayana ladha, na kuchemsha hakuyaondoi. Yanaingia kwenye meno wakati bado yanajijenga ndani ya fizi. Kisha akamwangalia binti yangu machoni. "Sitakudanganya. Yako yameshaota, maji safi hayatayarudishia rangi. Lakini ya mdogo wako bado yako ndani."

Msichana alimvuta mdogo wake karibu. Akamwangalia mtoto, akasema, "Sawa. Basi tusort huyu mtoi." Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo, kifua changu kinajaa.

Sasa dawa yenyewe ilikuwa nini? Mifupa ya mbuzi! Nilidhani sikusikia vizuri. Unaichoma mifupa kwenye chombo kilichofungwa hewa isiingie, inakuwa mkaa mweusi, unausaga chengachenga, unajaza kwenye pipa, maji yakipita humo yanaacha floraidi. Daktari mwenyewe ananiambia si yeye aliyegundua mkaa huo, ulijulikana zamani. Lakini ngoja niwaambie alichofanya yeye. Alitaka mkaa utokane na mifupa inayotupwa pale Kiamaiko mbuzi wakichinjwa, na pipa liwe la kutumiwa na mama nyumbani bila mashine wala fundi. Hilo lilikuwa limeshamla miaka kabla ya kuja kwangu. Mifupa isipoiva vizuri, maji yananuka supu iliyolala. Ikizidi moto inakuwa myeupe, haishiki kitu. Kila mkaa mpya, wa kwanza kuonja maji yake ni yeye. Ukiharibika anamwaga, anaanza upya, anafundisha wanafunzi wake, anarudi kwa tanuri. Na jioni akipita Mbotela kumwona mama yake, watu wetu wa huko wanamsimamisha kwenye ngazi kumuuliza habari ya Panadol. Wala hakuwahi kutukasirikia.

Akaniomba uwanja wangu wa nyuma ajaribie tanuri dogo la mtaani, na jikoni aniwekee pipa la kuchujia maji. Nikakubali. Gunia la kwanza kutoka Kiamaiko likapasuka langoni, mafuvu na mapaja ya mbuzi yakamwagika barabarani watu wakitazama. Kisha moto ukawashwa, na harufu mnaijua, mliinusa. Kufikia Jumapili mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nyumba yangu inaabudu shetani.

Msiiname chini, mimi nacheka siku hizi. Lakini wakati ule sikucheka. Nilikuwa nauza chapati na maharagwe langoni, sufuria ikawa inarudi ndani ikiwa imejaa. Nilikuwa naongoza nyimbo, nikaambiwa nipumzike kidogo. Ibada ya nyumbani ikipangwa kwangu inahamishwa. Baba watoto, ambaye ni dereva wa masafa marefu, alipigiwa simu na watu akiwa njiani, naye akanipigia: "Mama watoto, umeingia kitu gani?" Nililia nikaona basi, pipa hili na litoke. Nikalishika nilisukume nje. Kifungua mimba akasimama mlangoni akatandaza mikono.

"Mathe, ukitoa hii, mtoi atakuwa kama mimi."

Nikaliacha.

Jumamosi iliyofuata kina mama wakaja kuiombea nyumba. Walikuja na mafuta na vitambaa vya kichwa vyeupe, wakakataa kuketi, wakakataa chai yangu. Bahati nzuri Daktari alikuwa huko nyuma, aproni imejaa masizi. Hakubishana nao. Alileta glasi mbili, moja ya maji ya kisima, nyingine ya maji yaliyopita kwenye pipa. Akatia matone ya dawa yake ya kupimia, na glasi zote mbili zikawa nyekundu.

"Damu! Shetani ashindwe!" Mama aliyekuwa akiwaongoza alipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. Simtaji, ameshaanza kucheka pale. Daktari akasema tungoje, kipimo kinachukua muda. Basi wakaingia kwenye maombi. Ndugu zangu, yaliombwa maombi siku ile! Walipofungua macho, maji ya kisima yalikuwa yamepoteza wekundu, yamekuwa manjano. Ya mifupa yamebaki vilevile. "Mnaona?" akasema yule mama. "Yale ya kisima yametakaswa. Haya ya mifupa bado ni damu!"

Na mimi, niwaambie ukweli, niliingiwa na hofu.

Daktari alingoja mpaka amina ya mwisho. "Kina mama, wekundu ni rangi ya dawa yangu. Floraidi ndiyo inayoila. Glasi iliyogeuka manjano ndiyo yenye shida." Hakuna aliyemsadiki. Wakaanza kunong'onezana. Ndipo kifungua mimba wangu akatoka ndani, akaenda katikati yao, akaondoa mkono mdomoni. Mbele ya wanawake wale wote akafungua kinywa.

"Hizi meno hazikuharibiwa na mifupa," akasema. "Mifupa imekuja juzi. Nimekunywa hiyo maji ya kisima tangu nikiwa mtoi. Nyinyi pia mnakunywa."

Yule mama akamwangalia muda mrefu, maana yeye ana wajukuu nyumbani kwake. Akatoka bila kuaga. Tulidhani amekasirika, kumbe amekwenda kuchota maji ya kisima chake. Akarudi na jagi. Daktari akapima, tukangoja, yakageuka manjano. Akamimina maji ya jagi lile lile katika pipa letu, akayakinga chini, akapima tena. Tukangoja tena. Yakabaki mekundu. Yule mama akaketi kwenye ngazi ya mlango wangu akavua kitambaa cha kichwa, akasema, "Mwenye nyumba, ile chai bado iko?"

Nilimpikia chai kwa maji ya pipa, na alijua, na aliinywa yote. Wiki iliyofuata ni yeye aliyeenda Kiamaiko kuchagua mifupa, na huko ana maneno kuliko wenye mbuzi. Leo jikoni mwa kanisa hili kuna pipa, na chapati zangu zinaisha kabla hazijapoa.

Asanteni kina mama mlioweza kurudi mkanishika mkono. Asante baba watoto, uliyepigiwa simu na watu lakini ukanisikiliza mimi. Na wewe, Daktari. Huko chuoni wamesoma kazi yako wakakupa jina kubwa, na wenzako wa nchi nyingine wanaitumia. Sisi hatuwezi kuisoma. Lakini tumeinywa. Tulikuwa na mtu mwenye elimu ya namna hii miongoni mwetu, na muda wote tulimwonyesha magoti. Ndugu zangu, mkiwa na mtoto wa mtaa aliyesoma, muulizeni anafanya nini, kisha mngoje amalize kujibu.

Nimeona mwenyekiti anaigusa maiki, namalizia. Kitinda mimba wangu, simama juu ya benchi, mwonyeshe Profesa meno. Mnaona? Yale mapya ya mbele yameota mwezi huu, meupe kama maziwa.

Na aliyelilinda pipa akijua kwamba yeye mwenyewe halitamsaidia ni dada yake. Kifungua mimba wangu, njoo hapa mbele. Mwimbie Profesa ule wimbo wako, sauti ile ya zamani.

Mkono chini, mwanangu. Mkono chini.