Mwongeli Nzivo, Aliyetufundisha Kutazama Mshale

Tarehe 30 Juni, Mama Mwongeli Nzivo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchora saketi katika karakana yetu ya amplifaya hapa Donholm. Kila amplifaya iliyotoka hapa kwenda kanisani, msikitini au dukani Eastleigh ilianzia kwenye karatasi yake.

Vijana humwita Mathe wa Mishale, yaani mama wa mishale, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila mgeni kazini alikalishwa kwenye meza yake akachorewa transista na miguu yake mitatu: besi, kolekta, na emita yenye mshale. Kwa transista ya aina ya NPN mshale unatoka nje, alieleza, kama mtu anayewahi soko la Gikomba asubuhi. Kwa aina ya PNP unaingia ndani, mtu amerudi nyumbani. Akifika kwenye MOSFET, aina nyingine ya transista, alichora mguu wake uitwao geti likiwa limeachana kidogo na mistari mingine, na ukiligusisha kwa uvivu wa kalamu, unarudia mchoro mzima. Mwaka mmoja tulimnunulia keki yenye alama ya transista. Mwokaji alikuwa amesahau mshale, na Mama akakataa kuikata keki mpaka auchore kwa ncha ya kisu.

Mimi ninayeandika haya, Wehliye, nina sababu yangu ya kumpenda. Mwaka 2011 nilikuwa na wiki tatu tu kazini, bado najaribiwa, na mke wangu Sundus alikuwa karibu kujifungua. Nilipewa amplifaya sita za kuunganisha. Nne za kwanza, nilipoziwasha, zilitoa moshi. Meneja alisema sina mkono wa kazi hii, nikabidhi aproni kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeshaikunja.

Mama Mwongeli aliomba dakika kumi. Alitandaza mchoro, akaufuata kwa kidole mstari kwa mstari, akasimama kwenye transista moja ya kutolea sauti. Ilipaswa kuwa PNP, lakini mshale wake ulitazama nje, nami nikaweka NPN kama nilivyosoma. Mchoro ulikuwa wake, na hakuna mwingine ambaye angeligundua kosa hilo. Wembe wa kukwangulia wino ulikuwa pale pale mezani. Hakuugusa. Alizungushia kosa kalamu nyekundu, akabandika mchoro ukutani, akatamka mbele ya meneja na sisi wote kwamba kosa ni lake na nibaki na aproni yangu. Makau wa stoo alipiga makofi: "Mathe, uko juu sana."

Wiki iliyopita alinipa mchoro wake wa mwisho niukague. Niliupitia upesi, nikasema uko sawa. Akaniambia nianze upya, mshale mmoja mmoja, kisha nitie sahihi chini ya yake. Kuanzia Julai meza yake ya kuchorea ni yangu.

Mama, asante kwa kazi yako yote, na kwa kicheko chako kilichosikika mpaka barabarani. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiochoka kuuliza maswali. Binti yetu alizaliwa siku nne baada ya ule moshi, akamkuta baba yake ana kazi.