Hadiya Amwiga Mamake

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lenye mguu wa tofali, limeegemea ukuta wa nyumba ya Hashim, karibu na zinaposimama tuktuk pale Munje. Kila baada ya swala ya alasiri Chirau huweka hapo jiko na birika lake la kahawa, na kwa kuwa kahawa ni yake, yeye ndiye huamua nani azungumze. Ndiyo maana wakamwita Spika. Swabir ni Dakta, kwa sababu alifagia zahanati miaka kumi na miwili na hakuna maradhi ambayo hana neno juu yake. Hashim, aliyekuwa akiwapeleka watalii wa Diani kutazama samaki, ni Nahodha. Siku hiyo wote watatu walikuwa wameiinamia simu ya Hashim, iliyosimamishwa kwenye sahani ya kashata. Ndani yake alikuwa binti yake, Hadiya, peke yake jukwaani, akiuchekesha ukumbi mzima wa Mombasa kwa kisa cha kiharusi cha mamake.

— Rudisha pale nilipoingia mimi, alisema Swabir.

— Wewe umeingia wapi?

— Pale mgeni anapokuja kumwona mgonjwa na chupa ya mafuta ya nyonyo.

Hashim alirudisha. Hadiya aliingia kwa mwendo wa mtu mwenye kitambi, akaagiza chai yenye sukari nyingi, akamsimulia mgonjwa jinsi shangazi yake alivyokufa kwa maradhi hayo hayo. Kisha akainama: "Unanijua mimi ni nani?" Hapo akajitupa kitini, akaupinda mdomo kama mamake, akajibu polepole: "Nakujua. Ndiyo maana... nimenyamaza."

Ukumbi ulilipuka. Benchi nalo.

— Ndiye mimi huyo! Mwendo wangu, kitambi changu!

— Wewe ulileta habasoda, Dakta. Nyonyo niliileta mimi.

— Na shangazi aliyekufa ni wa nani?

— Wangu!

— Spika, shangazi yako yuko Jego. Juzi alikuja harusini akacheza.

— Basi msanii ana ruhusa ya kumwua.

Hashim alikuwa amehofia kwamba rafiki zake wangenuna. Kumbe walikuwa wakigombania kuchekwa. Kifua kilimjaa.

— Niwaambie jambo la kitaalamu, alisema Swabir. Kiharusi ni damu iliyoganda. Mtu akicheka inatikisika, inayeyuka. Wazungu wa hotelini wanalijua hilo, ndiyo maana wanacheka hata pasipo na neno.

— Basi kila wodi iwe na mchekeshaji wake. Hadiya apewe Kwale nzima.

— Na Lungalunga?

— Lungalunga iko Kwale, Dakta.

— Basi apewe na Tanga.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akingojea tuktuk alitua kapu lake la mihogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?

— Kikoneni. Naitwa Dama. Nipeni kahawa, na mimi nitazame.

Alitazama, akacheka hadi kahawa ikamwagika. Kisha akafuta macho kwa ncha ya leso.

— Na mamake amesemaje alipoiona?

Chirau alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Swabir alitazama ndani ya kikombe chake.

— Nauliza tu, babangu.

— Hajaiona, alisema Hashim.

— Kwani yuko mbali?

Swabir alinyoosha kidevu kuelekea ukuta waliouegemea.

Siku nne Hashim alikuwa akiizima simu kabla ya kuvuka kizingiti chake. Tangu kiharusi kimpinde mdomo, mkewe Mwanafatuma alikuwa ameagiza kioo kiondolewe ukutani. Angeuonaje uso huo huo, ukichekwa na watu mia tatu? Na kila siku Hadiya alikuwa akiuliza: "Baba, mama amesemaje?"

Hashim alisimama, akachukua simu, akaingia ndani.

Mwanafatuma alikuwa amekaa kitandani. Hashim alimwekea simu katika mkono wa kushoto, ulio mzima, akabaki amesimama. Mgeni aliingia, akanywa chai, akauliza swali lake. Hadiya alipinda mdomo. Ukumbi ulilipuka, lakini safari hii benchi lilitega sikio nyuma ya dirisha.

Mwanafatuma hakucheka. Aliiweka simu pajani, akaupapasa mdomo wake taratibu, kama anayetafuta kitu. Hashim alinyoosha mkono kuichukua. Mkewe akamzuia.

— Upande, alisema.

— Upande gani, mama Hadiya?

— Amekosea... upande. Wangu... wa kulia.

— Niliwaambia! alipiga kelele Swabir kule nje, ingawa hakuwa amemwambia mtu.

— Mpigie, alisema Mwanafatuma, akajiweka sawa kitandani na kuvuta mtandio vizuri. Nataka anione... nimfunze.