Swali la Mzee Mwenye Kujikuna

Mvua ilinyesha na basi la kwenda Nausori, kule Fiji, likashushiwa maturubai ya madirishani. Nyuma ya abiria mmoja, Vilimaina, mzee mgonjwa wa figo alikuwa akimtambia bibi aliyeketi naye, ambaye hakuwa amemuuliza kitu. "Madaktari wameniuliza mimi, mama, eti wafanyie utafiti jambo gani!"

"Wasome kote huko, halafu waje kukuuliza wewe?"

"Hata mimi nilidhani mzaha. Nikawaambia, kuwashwa. Usiku najikuna mpaka mke wangu anahamia sebuleni. Wakalifanya swali la kwanza la utafiti wao!"

"Makubwa! Na dawa iko wapi?"

"Ndiyo wanaitafuta."

"Watakuzika wakitafuta, mzee."

"Lakini wameuliza!"

Basi likasimama hospitalini, wakashuka wakibishana. Vilimaina aliinua turubai akawatazama. Marehemu mama yake alikuwa mgonjwa wa figo vilevile, na Vilimaina alimkuna mgongo hadi siku ya mwisho, akidhani kuwashwa si jambo la kumwambia daktari.