Aliyetembea Nyuma ya Wote: Maisha ya Thelma Greenwood, 1943–2025

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kelbeck, na ninyi wa Alhamisi mliokuja na buti zenu za matope kama marehemu alivyoagiza, familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya mama yetu, Thelma Greenwood, na kabla sijaanza naomba kueleza jambo moja, maana wapo walioulizana pale mlangoni kwa nini tunamzika leo Ijumaa wakati kila kitu kilikuwa tayari tangu juzi. Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba asizikwe Alhamisi, kwa kuwa watu watakuwa matembezini.

Thelma alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1943, hapa hapa Kelbeck, katika nyumba nyeupe ya mlinzi wa malango ya maji, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Bwana Harold Uttley na Bibi Ivy Uttley. Baba yake alifungua na kufunga malango yanayopandisha na kushusha mashua kwenye mfereji kwa miaka thelathini na mmoja, na kanuni aliyowalea nayo wanawe ilikuwa moja tu, kwamba anayepita mwisho ndiye mwenye geti, yaani asiondoke mpaka ahakikishe limefungwa na hakuna aliyebaki upande wa pili. Kaka zake wawili waliisikia kanuni hiyo wakaisahau, kitinda mimba akaishika maisha yake yote, isipokuwa siku moja, na siku hiyo nitaifikia.

Alianza masomo katika shule ya kijiji Septemba 1948, akamaliza mwaka 1954, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Skipton hadi Julai 1958, ambako taarifa yake ya mwisho, tunayoitunza mpaka leo, inasema kwamba ana akili nzuri na maneno mengi kuliko nafasi iliyopo. Agosti mwaka huo huo aliajiriwa katika duka la mikate hapa kijijini, akadumu hapo hadi 1969, kisha akawa mkutubi wa maktaba yetu ndogo mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2003. Nataja sehemu hizi mbili kwa pamoja kwa sababu moja, kwamba zote zilikuwa zikifungwa Alhamisi mchana, kama maduka yote ya Kelbeck enzi hizo, na mchana huo wa mapumziko ndio uliomfanya awe Thelma tunayemjua.

Majira ya baridi ya 1962 kuingia 1963, mfereji uliganda kuanzia baada ya Krismasi hadi Machi, mashua nne za makaa ya mawe zikanasa kwenye barafu maili tatu kupita nyumba ya Mzee Uttley, na ndani yake mlikuwa na familia, watoto wachanga na bibi mmoja mgonjwa. Thelma, akiwa na miaka kumi na tisa, alikusanya mikate iliyobaki dukani kila Alhamisi saa saba mchana, akawaburuta rafiki zake Connie Birtwhistle na Sheila Moss, wakaifuata njia ya ukingoni mwa mfereji huku theluji ikiwafika magotini, wakagawa mikate, wakanywa chai ya mashuani na kurudi kabla giza halijaingia. Barafu ilipoyeyuka mashua zile ziliondoka, biashara ya makaa ikafa, na zile mashua hazikuonekana tena huku kwetu.

Mwezi wa Novemba uliofuata, Connie, ambaye yuko hapa kiti cha mbele na atanisahihisha nikikosea, alishangaa kumwona Thelma mlangoni kwake na skafu shingoni.

"Mikate hatuna, mashua hakuna, tunakwenda kufanya nini?" Connie akauliza.

"Kutembea."

"Kwenye baridi hii?"

"Wewe ulitaka twende kwenye joto lipi?"

Ndivyo lilivyozaliwa kundi la Alhamisi, ambalo hutembea kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi, mvua inyeshe au theluji ianguke, kando ya mfereji na kupitia mashamba ya kondoo, na kuishia kwenye baa yenye moto na supu ya njegere. Kiangazi halitembei kabisa, na wageni waliokuwa wakiuliza sababu walijibiwa na marehemu kwamba kiangazi ni cha watalii, baridi ni yetu. Yeye alitembea nyuma ya wote, akifunga kila geti huku kondoo wakiwachungulia, na akihesabu watu kila baada ya daraja.

Jumamosi, tarehe 18 Juni 1966, alifunga ndoa na Bwana Norman Greenwood, fundi wa kuta za mawe, mtu mpole ambaye hakutembea na kundi hata siku moja, akisema kwamba yeye hushinda kwenye matope siku sita kwa kazi, hawezi kuyatafuta kwa hiari. Lakini kila ukuta ambao wenzetu wa Alhamisi waliubomoa kidogo kwa kuuparamia, Norman aliujenga upya Jumamosi, na kama huo si upendo basi sijui upendo ni nini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Graham, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1968, na Judith, aliyezaliwa tarehe 14 Januari 1971, siku ya Alhamisi, saa kumi na moja jioni, baada ya mama yake kugeuza njia kwenye daraja la pili huku akiwaambia wenzake, "Nyie endeleeni, supu isipoe." Norman alitutoka tarehe 21 Septemba 2009, na Novemba ile mjane wake alikuwa njiani na wenzake, akilia na kutembea.

Sasa nafika kwenye ile siku. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 31 Januari 1991. Mfereji ulikuwa umekaushwa, kama inavyofanyika wakati wa baridi ili mafundi watengeneze malango, na kila mtu alitaka kuchungulia lile shimo tupu la mawe ambalo siku zote limejaa maji. Walikuwa watu kumi na mmoja pamoja naye. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na Thelma, kwa kuwahurumia wazee, alitoka mkiani akatangulia baani kuagiza supu, mara yake ya kwanza kuacha nafasi yake tangu alipoanza, ukiacha ile siku aliyozaliwa Judith. Alisimama mlangoni akahesabu wanaoingia, moja, mbili, mpaka kumi, akafunga mlango akiwa ameridhika.

Supu ikaliwa, pai zikaletwa, na Thelma akainua ile isiyo na kitunguu, kwa kuwa Wilf Sugden, fundi saa mstaafu wa miaka sabini na mitatu, tumbo lake halikupatana na vitunguu.

"Ya Wilf hii. Wilf!"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Akazunguka meza akitazama uso mmoja mmoja, mpaka akafika kwa kijana mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa anamalizia supu kwa mkate.

"Na wewe ni nani?"

"Samahani mama, mimi nilipotea njia, nikaona watu wanaingia, nikaingia."

Walikimbia nusu maili kurudi malangoni, na Thelma akiwa mbele. Wilf alikuwa ameteleza kwenye ngazi zenye barafu alipokuwa akichungulia, amevunjika kifundo cha mguu, amejiburuta mpaka kwenye boriti ya lango akaketi, na alikuwa amekaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili, midomo imekuwa ya bluu, kiko mdomoni kimezimika.

"Mmechelewa, msichana wangu," akasema. "Pai yangu mmeibakiza?"

Wengine walicheka kwa ahueni, Thelma hakucheka, alikaa chini kwenye barafu akamfunga mguu kwa skafu yake na kulia kama mtoto, na Wilf ndiye aliyembembeleza. Wilf alipona, akatembea na kundi miaka mingine saba, akafariki kitandani kwake mwaka 1999, lakini marehemu hakujisamehe. Tangu siku hiyo hakuhesabu vichwa tena, aliita majina, moja moja, kwenye kila daraja na kila geti, na mtu asipoitika kwa mdomo wake mwenyewe hakuna aliyesogea. Wapo waliokerwa na mwito huo, hasa mvua ikinyesha, lakini katika miaka thelathini na minne iliyofuata hakuna mtu hata mmoja aliyeachwa, na hiyo ndiyo hesabu ambayo familia hii inajivunia kuliko nishani yoyote.

Yule kijana mwenye kofia ya sufu alirudi wiki iliyofuata kuomba radhi, akarudi na nyingine, na tarehe 8 Julai 1995 akamwoa Judith katika kanisa hili hili. Kijana huyo ni mimi ninayewasomea, Derek Holroyd. Mama mkwe wangu alinipenda, hilo sina shaka nalo, alinilisha, alinifunza ndege kwa sauti zao na nyayo za sungura kwenye theluji, lakini kwa miaka yote hiyo, kila nilipojitolea kumpokea nafasi ya nyuma alau apumzike, alinipiga jicho na kusema, "Wewe? Wewe uliyeniharibia hesabu?" Kundi lote lilicheka, nami nikacheka, na moyoni iliniuma, maana nilitamani siku moja aniamini.

Uongozi wake ulijaribiwa mara nyingi. Mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipowapata ng'ombe na kondoo, njia zote za mashambani zilifungwa, na marehemu akawatembeza wenzake kuzunguka kanisa hili mara ishirini na sita kila Alhamisi, akiita majina kwenye kona ile ya mnara. Januari 2021, wakati wa korona, sheria iliporuhusu watu wawili wawili tu, aliwapanga wawili wawili kwa kupishana robo saa, naye, akiwa na miaka sabini na saba, akasimama peke yake juu ya daraja na chupa yake ya chai. Askari mmoja kijana alimuuliza kama hao wote ni kundi lake.

"Mimi naona wawili," akamjibu. "Wewe unaona wangapi?"

Askari akatazama chini ya daraja, akakuta kweli ni wawili, akamtakia mchana mwema.

Oktoba 2023 alianza kuishiwa pumzi, na tarehe 14 Novemba madaktari walibaini kwamba moyo wake umechoka. Aliambiwa aache vilima, akaacha vilima akabaki na mfereji, akisema maji hayapandi mlima na yeye ni mtoto wa maji. Alitembea majira hayo yote, akaanza na haya ya sasa, ya sitini na tatu tangu ile mikate, na safari yake ya mwisho ilikuwa Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, ambapo alifika daraja la kwanza, akaegemea geti, akasema leo geti hili linatosha. Tangu hapo kundi lilipita chini ya dirisha lake linalotazama mfereji, naye, akiwa amefunikwa mablanketi, dirisha wazi na nesi akinung'unika, aliita majina kutoka kitandani.

Alhamisi, tarehe 6 Februari, aliita majina kumi, watu wakaitika, kisha akaita la kumi na moja.

"Wilf Sugden."

Tukatazamana. Theluji nyepesi ilikuwa ikianguka. Connie, mwenye miaka themanini na mbili na fimbo mbili, akainua uso.

"Tunaye, Thelma. Hatukumwacha."

Marehemu akavuta pumzi, akasema, "Vizuri." Kisha akanitafuta kwa macho. "Derek. Leo wewe kaa nyuma. Na usihesabu, kijana wangu. Ita majina."

Nilikaa nyuma. Niliita majina kwenye madaraja manne na mageti sita, na sauti yangu haikuwa nzuri, lakini wote waliitika na wote walifika. Tulipompelekea taarifa jioni, aliuliza swali moja tu, kama lile geti la juu lenye komeo bovu nimelifunga, nikamwambia nimelifunga na kulitikisa mara mbili, akatabasamu akalala. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, saa nne asubuhi, Graham na Judith wakiwa wamemshika mikono. Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Tulitembea.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa nesi Bernadette aliyevumilia dirisha wazi mwezi wa Februari, tunawashukuru majirani walioleta chakula mpaka tukakosa pa kukiweka, wafanyakazi wenzake wa zamani wa maktaba, mafundi wa mfereji waliosimamisha kazi asubuhi ya leo ili jeneza lipite njia ya ukingoni, na wenye mashamba walioyaacha mageti wazi kwa ajili yake.

Mageti hayo, ndugu zangu, yapo matatu kati ya hapa na makaburini, na kondoo wako nje. Mama Thelma, kwa miaka sitini na miwili ulitutanguliza sote ukabaki nyuma peke yako kwenye baridi, leo ni zamu yako kutangulia. Nenda salama, usigeuke kututazama. Tupo wote, na geti tutalifunga sisi.