Kornelia Tadeo Margwe, Aliyewaombea Wengine Damu

Ndugu waombolezaji, dada yetu Kornelia, ambaye wengi mlimwita Mama Goodness, alizaliwa tarehe 14 Machi 1975 huko Sigino, mtoto wa kwanza wa Mzee Tadeo Margwe na marehemu mama yetu Paulina. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, Marcelino. Familia imeniomba nisome kwa upole. Nitajitahidi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akamaliza mwaka 1990, kisha akaendelea na sekondari na chuo cha ualimu. Mwaka 1998 alianza kufundisha shule ya Bonga. Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa takatifu na Bwana Elibariki Eliya, fundi magari wa hapa mjini, wakajaliwa watoto wawili, Goodness na Calvin. Shemeji husimulia kwamba siku ya kwanza kufika nyumbani kwetu alichelewa kwa sababu ya gari la mteja. Kornelia alimpokea mlangoni kwa swali la darasani: "Sababu ya kuchelewa?" Shemeji akajieleza akiwa amesimama wima, mikono nyuma, mama yetu akicheka jikoni.

Mwaka 2012 Mzee Rehani Twalha, muuza vitambaa, alianzisha Jirani Televisheni, kituo kidogo cha kebo, katika chumba cha nyuma ya duka lake. Alitaka kituo cha kuwahudumia watu, akamwomba Kornelia aendeshe kipindi cha jioni, "Hodi Jirani". Aliyepotelewa na mtoto, aliyeunguliwa nyumba, mwenye mgonjwa anayehitaji damu, wote walikuja wakaketi mbele ya kamera na kueleza shida yao, na mji wetu wa Babati ukaitika. Mwaka 2016 Rahma Mustapha wa Bonga alipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Kornelia akatangaza. Kipindi hakijaisha, vijana wa bodaboda walikuwa wamejipanga hospitalini wakisubiri kutolewa damu. Rahma yuko hapa leo, na mwanawe yuko hapa.

Wakubwa hakuwaogopa. Kiongozi mmoja alizindua bomba la maji Mutuka kwa mbwembwe nyingi, na wageni walipoondoka maji nayo yakakatika. Kornelia alimwita studio. "Shikamoo, mheshimiwa," alimwambia. "Bomba ulifungua mwenyewe, tulikuona. Sasa maji mlirudi nayo mjini?" Yule bwana alitoka amenuna, lakini mafundi walionekana Mutuka wiki ile ile.

Mwaka 2021 Mzee Rehani alifariki, na kituo kikauzwa kwa kampuni kutoka nje ya mkoa. Jina hawakulibadilisha, maana jina ndilo watu walilolipenda. Waliua kipindi, wakaweka michezo ya kubahatisha. Meneja mpya alimwambia dada yetu, "Mama, huzuni haiuzi." Kornelia akamjibu, "Sijawahi kuiuza." Akachukua kitenge chake kilichokuwa kwenye kiti, akarudi kufundisha.

Tangu Januari mwaka huu wa 2025 alisumbuliwa na uvimbe kwenye kizazi. Jumanne tarehe 3 Juni, asubuhi, alifanyiwa upasuaji, na damu ikakataa kukata. Kundi lake lilikuwa O hasi, ambalo ni wachache wanalo, na akiba iliyokuwepo hospitalini ilikwisha. Nilikimbilia Jirani Televisheni.

"Ni Mama Goodness," nilimwambia meneja. "Naomba dakika moja tu ya tangazo."

"Pole sana, kaka. Sasa hivi droo ya bahati nasibu iko hewani, haikatizwi. Lete kesho, tutaangalia kama nafasi ipo."

"Kesho? Mtu anavuja damu!"

"Kaka, ningekuwa na uwezo ningekusaidia. Nafasi hakuna."

Nilimsihi. Nilimpigia magoti, mimi mtu mzima mwenye familia. Nyuma yake, kwenye kioo cha studio, niliona kijana anachezacheza na kutangaza namba za bahati.

Watu wakapigiana simu wenyewe. Rahma alizunguka Bonga yote akampata mtu mwenye kundi lile, wakaja mbio kwa bodaboda. Walipoingia wodini, shemeji alikuwa ameshamfumba Kornelia macho. Yule mtu hakurudi nyumbani; alisema, "Nimekuja kutoa, nitoe." Damu yake alipewa baadaye mama mwingine wa wodi ile, naye anaendelea vizuri.

Daktari hakutuambia kwamba tangazo lingemponya, nami sitasema asilolisema. Ninachosema ni hiki: mwanamke aliyewaombea watu wa mji huu miaka yote ile, kwenye kituo kile kile, siku yake ilipofika alinyimwa dakika moja. Tangu Jumanne watu wananishika bega wakisema ni kazi ya Mungu. Msiniambie hivyo. Mungu hakuwa na droo siku ile.

Jana Jirani Televisheni walifika msibani na shada kubwa la maua na gari la kamera, wakaomba kuyarusha mazishi haya moja kwa moja. Baba yetu aliinuka polepole kwenye kiti, akamtazama meneja, akamuuliza, "Leo nafasi ipo?"

Gari likageuza, na maua yao yakaondoka nalo.

Marehemu ameacha mume, Elibariki. Watoto, Goodness na Calvin. Baba mzazi, Mzee Tadeo. Mdogo wake, mimi. Na wanafunzi wake wa Bonga, waliosimama pale ukutani na sare zao.

Bwana ampe Kornelia pumziko la amani. Sisi tuliobaki, asitupumzishe mapema, maana bado wapo wa kuombewa damu.